Barabara Moja ya Kamanda

Usiku ule marehemu Mzee Mgaya aliponijia, mimi bado nilikuwa naamini kwa moyo wangu wote kwamba kichwani mwa mbwa mna nafasi ya barabara moja tu. Ukimwonyesha ya pili, ya kwanza inafutika, na nyumba inafutika nayo.

Usinicheke. Imani yangu ilikuwa na ushahidi. Kulikuwa na mbwa wa mwenye duka la saruji, hapa hapa Iringa, ambaye siku moja tu alipitishwa njia ya mnadani. Aliporudi alimbwekea tajiri wake kama anambwekea mwizi, akamzuia kuingia kwake mwenyewe mpaka yule bwana akaenda kulala gesti, kisha mbwa akahamia bucha na kuanza maisha mapya. Habari hiyo nimeisimulia kwa nusu ya mkoa. Kila nilipoisimulia mbwa aliongezeka kimo, na mwishoni alikuwa sawa na ndama.

Aliyenipa habari hiyo ni huyo huyo Mzee Mgaya. Alikuwa mlinzi kwa Mama Rehema, nyumba ya juu kabisa mtaani kwetu, yenye ua wa michongoma. Mimi nilikuwa mtunza bustani, mchana nakata majani, jioni nakwenda masomo ya watu wazima kutafuta cheti cha kidato cha nne, na ndiyo sababu mtaa mzima uliniita Msomi, wengine kwa heshima, wengi kwa dhihaka. Mzee alipoanza kudhoofika kifua alinifundisha kazi ya kumtembeza Kamanda, mbwa wa nyumba ile. Kamanda ni jibwa la rangi ya udongo, kichwa kama jembe, sauti yake zamani ilikuwa inaangusha parachichi mtini.

Njia ilikuwa moja. Unatoka getini, unashika kushoto kando ya michongoma, unafika kwenye tangi la maji, unazunguka ukuta wa kanisa, unarudi. Na kwenye kila jiwe kubwa lazima usimame. Mzee alikuita huko kusimamisha pua.

"Acha pua yake isimame, Msomi. Ikariri. Usimharakishe."

"Na ile njia ya bondeni, Mzee? Si kuna majani mengi kule?"

"Bondeni usithubutu. Utamleta Mama Rehema mbwa asiyemjua."

Basi mimi nilishika kila kitu kama sala. Mwendo wake wa polepole, unaoegemea upande kidogo, niliushika. Namna alivyokaa juu ya jiwe na kutazama mbali, kama mtu anayehesabu mawingu, niliishika. Mzee alipofariki, mnyororo ukawa wangu, nami nikamtembeza Kamanda vile vile, mawe yale yale, dakika zile zile. Watoto wa jirani walikuwa wanatuigiza, mmoja anakuwa mimi, mwingine anakuwa mbwa.

Shida ilianza watu wa maji walipochimba mtaro mbele ya ukuta wa kanisa. Hapakuwa na pa kupita. Ikabidi tuzunguke nyuma, kwenye banda la mafundi seremala, mchepuko wa kutupa jiwe tu. Lakini Kamanda alipofika kwenye maranda ya mbao alibadilika. Alitia pua ndani mpaka machoni, akapiga chafya, akachimba, akakimbia huku na huku mkia ukizunguka kama feni. Akanusa kiatu cha kila fundi. Akanusa ndoo ya gundi. Nikamvuta mpaka mikono ikaniwaka.

"Msomi," fundi mmoja akaniuliza, "hapo nani anamtembeza mwenzake?"

"Mbwa amechanganyikiwa, kaka. Msimpe chochote."

"Amechanganyikiwa? Huyu leo ndiyo kaona dunia."

Sikucheka. Kesho yake, tulipofika kwenye kona ile, Kamanda alivuta tena kuelekea kwa mafundi, na kijasho kikanitoka. Nilijua maana yake: barabara ya kwanza imeanza kufutika. Mtaro ulipofukiwa nikazidisha ukali. Tukipita kona ya mafundi nilimfunika macho kwa kofia yangu. Nikaongeza muda wa kusimama kwenye mawe, pua ikariri upya. Nikawa namrudisha kwenye njia yake kama mwalimu anayemrudisha mtoto ubaoni.

Naye akaanza kufifia. Kwanza alitembea kichwa chini, hanusi kitu. Kisha akawa anaketi getini, hataki kutoka, mpaka nimburute. Kisha akaanza kulamba mguu wa mbele. Analamba mchana, analamba jioni, mpaka manyoya yakaisha, mpaka ngozi ikafunguka. Nikapaka dawa, akailamba. Nikafunga kitambaa, akakila. Niliona wazi kinachotokea: nyumba inamtoka kichwani, na aliyeitoa ni mimi, kwa mchepuko ule wa kwa mafundi.

Katikati ya wiki Mama Rehema aliniita barazani.

"Msomi, huyu mbwa ameacha kubweka."

"Anapumzika, mama."

"Jana muuza mkaa kaingia mpaka jikoni kwangu. Kamanda kamwangalia kama anaangalia televisheni."

Nikaanza kuokota majani makavu pale barazani.

"Jumamosi asubuhi daktari wa mifugo anakuja," akasema, na sauti yake haikuwa kali, ndicho kilichonitisha. "Mguu unaoza. Kama hakuna la kufanya, atamchoma sindano apumzike. Sipendi. Lakini siwezi kumwangalia akijila mwenyewe."

Siku zilizofuata sikula chakula kikaeleweka. Nilimtembeza mara mbili zaidi, njia ile ile, mawe yale yale, nikiamini labda nikikaza itarudi. Ijumaa jioni alilala njiani, hakuinuka tena. Nilimbeba kutoka tangi la maji mpaka nyumbani, na nakuambia ukweli, alikuwa mzito kuliko gunia la mahindi na mtu aliyelikalia.

Chumba changu kipo uani, ukuta mmoja na banda la Kamanda. Nililala nikisikia ulimi wake upande wa pili. Lap, lap, lap. Katika kusikia huko usingizi ukanichukua.

Nikawa darasani, lile la masomo ya jioni, tulikokalia madawati ya watoto wa darasa la kwanza magoti yakigusa kidevu. Mwalimu hakuwepo. Ubaoni palichorwa mstari mmoja wa chaki, na mimi nilijua ni barabara yetu, maana tangi la maji lilikuwepo, na ukuta wa kanisa. Kamanda alikuwa amesimama mbele ya ubao. Mkia wake unapepea, na kila unapopepea unafuta. Kipande cha michongoma kikafutika. Nikainuka nikachore upya, chaki ikawa ugali, ikamegeka mkononi. Lap, lap, mkia unafuta. Nikageuka kuomba chaki kwa wenzangu, nikamwona Mzee Mgaya dawati la nyuma, koti lake la kijeshi, mbegu za majani zimemganda kwenye pindo. Hakuna aliyeshangaa. Hata mimi sikushangaa. Nilimwona kama mtu aliyechelewa kipindi tu.

Akasimama, na tukawa getini.

Geti halina mlango. Kuna nguzo mbili na katikati ukungu wa asubuhi. Ninashika mnyororo, natoka, nashika kushoto, na Mzee ananifuata nyuma. Nasikia koti lake likigusa michongoma. Natembea vizuri, kama alivyonifundisha. Naegemea upande. Nafika kwenye jiwe la kwanza, nakaa, natazama mbali. Nataka aone kwamba sijaacha kitu. Yeye hasimami. Ananipita. Anatembea mwepesi, kama mtoto aliyetumwa sukari na kuahidiwa chenji, na mimi nashangaa, maana sijawahi kumwona akitembea hivyo.

Mbele kidogo anageuka.

"Msomi, mbona unatembea kama mimi?"

Nataka kujibu, mdomo unajaa vumbi la chaki. Natazama miguuni, nimevaa buti zake za mpira, zile ambazo mkewe alizigawa siku ya kuanua tanga, na hazikugawiwa mimi. Navua, hazivuki. Woga unanipanda kutoka kwenye buti mpaka kifuani. Mtu aliyekufa akikuuliza mbona unatembea kama yeye, utamjibu nini?

Tunapita tangi la maji. Tunapita ukuta wa kanisa. Tunapita tangi la maji. Mawe yameongezeka, kila nikiinua mguu kuna jiwe, na kila jiwe nalazimika kukaa. Ukuta hauishi. Tangi tena. Na kila tunapolipita Kamanda anapungua. Anakuwa mbwa mwembamba, anakuwa kamba, kisha natazama na mnyororo unatembea wenyewe, umening'inia hewani, mkanda wa shingoni uko wazi, hauna shingo. Lap, lap, lap, sauti ipo, mbwa hayupo. Naita, "Kamanda," na sauti yangu inatoka ndogo kama ya kifaranga.

Mzee amesimama pale njia inapogawanyika, penye mteremko wa kwenda bondeni. Chini yake kuna mwanga wa saa tisa mchana. Naona paa la mashine ya kusaga, naona mianzi, nasikia watu wakiongea. Ananyoosha mkono.

"Nipe."

"Atasahau nyumba, Mzee. Wewe mwenyewe ulisema."

Anatazama chini. Uso wake unakuwa kama wa mtu aliyekutwa na kitu mfukoni. Kisha anainama, anauchukua mnyororo mkononi mwangu, taratibu, kidole kimoja kimoja, na vidole vyake si baridi.

"Mlete kwangu," anasema. "Kwa mama. Mlete kwa njia hii."

Anashuka. Hategemei kitu, hashiki kitu, anashuka kama maji, na mnyororo mbele yake unakaza, unavutwa na kitu chenye nguvu nisichokiona. Nataka kuwafuata, buti zimeshika ardhi. Navuta mguu. Navuta.

Nikaamka nimeushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, jasho limelowesha shuka, na ukutani, lap, lap, lap. Nje kulikuwa kunapambazuka. Jumamosi.

Nilikaa kitandani nikiwa na ujumbe mdomoni kama mtu aliyeshika maji ya moto, hamezi, hatemi. Mzee aliye hai alisema bondeni usithubutu. Mzee aliyekufa anasema mlete kwa njia hii. Nimsikilize yupi? Nikimpeleka bondeni na barabara ikafutika, daktari atakuta mbwa asiyejua hata jina lake, na sindano haitakuwa na mjadala. Nisipompeleka, sindano ipo vile vile. Nilijiuliza hivyo mpaka jogoo wa jirani akachoka kuwika. Mwisho nikajiambia, sindano iko pande zote mbili, na aliyekufa ndiye aliyesema mwisho.

Nikamfunga mnyororo. Getini akaketi, kama kawaida yake. Nikageukia kulia.

Akainua kichwa.

Akanitazama. Nakuambia alinitazama kama mtu anayeuliza, una uhakika? Kisha akasimama, mguu ule mbaya ameuinua kidogo, akaja. Kwenye njia panda nilitazama nyuma kuona kama nyumba bado ipo, kwani hata mimi nilianza kuogopa isije ikafutika kwangu. Ilikuwepo, na michongoma yake.

Tukashuka. Kwenye mteremko kulikuwa na kinyesi cha mbuzi, akasimama akakisoma chote kama gazeti. Kulikuwa na gogo lililooza, akalizunguka. Kulikuwa na mfereji wa maji machafu, mambo ya kutisha, akatia pua akainua akanionyesha. Pumba zilizomwagika nje ya mashine ya kusaga zilimfanya apige chafya, ile chafya ya siku ya maranda. Na mguu akaushusha. Sikuona aliushusha wapi. Niligundua tu kwamba anatumia yote minne na kwamba mimi ndiye ninayekimbia. Lakini moyo wangu haukutulia. Furaha ile ile ndiyo iliyonitisha kwa mafundi. Nilikuwa nawaza, kila anachonusa hapa, kule juu kitu kinafutika.

Nyumba ya marehemu ipo karibu na mianzi. Mkewe, Mama Tumaini, alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Kabla sijamfikia niliona jiwe kubwa kando ya njia, nikasimama, nikakaa, nikatazama mbali.

"Kamwene, mama," nikasalimu nikiwa juu ya jiwe.

"Kamwene, mwanangu. Mbona umekaa huko? Uani kuna kigoda."

"Nasimamisha pua, mama. Nikimaliza nakuja."

Akauacha ungo. "Unasimamisha nini?"

Sikupata nafasi ya kueleza, kwa sababu simu iliita. Mama Rehema.

"Msomi, uko wapi na mbwa? Daktari yupo hapa ameshika mkoba wake."

"Niko bondeni, mama, kwa mjane wa Mzee. Mama, naomba nisamehe, nilikuwa..."

Wakati huo huo kuku wa Mama Tumaini walikatiza mbele, na nyuma yao mtu wa mashine ya kusaga akiwa na gunia begani, mweupe kwa unga tangu nywele mpaka kandambili. Kamanda akasimamisha masikio. Akabweka. Haikuwa kubweka kwa mgonjwa; ilikuwa ile sauti ya zamani, ya kuangusha parachichi. Yule mtu akatua gunia akasimama nyuma yake.



"Huyo nani anabweka?" Mama Rehema akauliza.

"Kamanda, mama."

Nikasikia anaongea na mtu pembeni, kisha akarudi. "Daktari anauliza, huo mguu wake anautumia?"

"Amenikimbiza nao mpaka huku."

"Basi mrudishe taratibu. Atakuachia dawa ya kidonda na atakuja kumwona tena. Lile jambo jingine tuliache kwanza. Na Msomi."

"Naam, mama."

"Ukitoka na mbwa wangu, niage."

Nikaweka simu mfukoni, nikabaki juu ya jiwe, safari hii kwa kuchoka kwangu mwenyewe. Kamanda alikuwa amepewa sufuria la ukoko na Mama Tumaini na alikuwa analikuna chini kwa ulimi, mguu wake hana habari nao. Lakini hofu ya kweli ilikuwa bado. Nikamwambia mama yule kila kitu: ndoto, buti, mnyororo usio na shingo, na mbwa wa mwenye duka la saruji, ambaye kwa heshima ya mjane nilimpunguza kimo. Nikamwuliza, sasa nifanye nini arudi juu na bado aijue nyumba?

"Nani kakuambia mbwa anasahau nyumba?"

"Mzee, mama."

"Na kukaa kwenye mawe?"

"Mzee. Na mwendo. Alinifundisha kuegemea hivi." Nikasimama nikamwonyesha, nikatembea mpaka kwenye mianzi na kurudi, polepole, upande mmoja chini.

Alinitazama nikitembea. Mwanzoni nilidhani analia. Aliweka ungo chini, akajifunika mdomo kwa upande wa khanga, mabega yanatikisika, maharage yanadondoka mapajani, na machozi kweli yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka, mama yule, kicheko cha mtu ambaye hajacheka tangu msibani.

"Ni yeye," akasema alipopata pumzi. "Ni yeye kabisa. Rudia tena."

Nikarudia. Akajifuta macho, akaniita nikae karibu naye kwenye kigoda.

"Mwanangu, unadhani kwa nini alikuwa anakuja huku kwa bodaboda, mtu anayependa hela yake vile?"

"Nilidhani ni heshima ya kazi, mama."

"Goti," akasema. "Alikuwa na goti bovu. Mteremko huu ulimshinda, na kila akitembea kidogo lazima akae. Aliogopa Mama Rehema akijua atamwachisha kazi, ndiyo akamsingizia mbwa. Mbwa hana shida na njia yoyote. Mpitishe popote, atarudi nyumbani."